UKINGO HUKODISHWA, MTO HAUKODISHWI

Kila taifa lenye mito hulazimika, mapema au baadaye, kulijibu swali moja ambalo kwa sura yake ni jepesi: mto ni mali ya nani? Swali hilo likiulizwa juu ya maji ya kunywa, kila mtu hujibu upesi kwamba maji ni ya wote. Likiulizwa juu ya samaki, majibu huanza kugawanyika. Na likiulizwa juu ya ukingo ambao mtu mwenye uwezo ameulipia ili apige hema lake na kuvua kwa starehe pasipo kusumbuliwa, hapo kila mmoja hujibu kwa kutazama upande aliosimama yeye. Swali hilo si la nchi za mbali tena. Limekwisha kufika katika mito yetu, na hatuna budi kulijibu wenyewe kabla halijajibiwa na mazoea.

Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, mito ya Mnyera na Ruhudji, ambayo hushuka kutoka Nyanda za Juu za Kusini na kuyalisha maji ya Mto Kilombero, imekuwa ikitembelewa na wavuvi wa namna ya pekee. Hao ni wageni wanaotoka nje ya nchi, hasa katika miezi ya kiangazi, maji yanapokuwa yametulia. Hukaa katika kambi za mahema kando ya mto, ndani ya vitalu vya uwindaji, na kulipa fedha nyingi kwa ajili ya kumtafuta samaki mmoja tu. Samaki huyo ana meno marefu yanayoonekana hata akifumba kinywa, mwili unaometa kama fedha, na nguvu zisizolingana na ukubwa wake. Wageni wamempa jina la chui milia wa Asia. Wataalamu walipomtambua mwaka 1986 kuwa ni aina ya peke yake, walimpa jina la kisayansi ambalo ndani yake limo jina la nchi yetu: Hydrocynus tanzaniae.

Uvuvi wenyewe si ule tuliouzoea. Mvuvi wetu wa mshipi hufunga chubwi ili uzito wa risasi uipeleke ndoana mbali, naye hutia chambo cha nyama au cha mnyoo. Mvuvi huyu hatumii chubwi. Chambo chake ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana kwa ustadi mpaka zikafanana na mdudu au kisamaki, kitu chepesi kama unyoya wa kuku. Kwa kuwa chambo hicho hakina uzito, uzito umetiwa katika mshipi wenyewe, naye huurusha nyuma na mbele juu ya kichwa kwa ufito mrefu unaonepa, hata utue juu ya maji pale alipokusudia. Karibu na chambo hufungwa kipande cha waya, kwani mshipi mtupu hukatwa mara moja na meno ya samaki huyo. Samaki akinaswa na kuchoshwa, hupimwa, hupigwa picha, kisha hurudishwa majini akiwa hai.

Wapo watakaocheka kusikia habari hizo. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea samaki atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni akili gani ya kumvua samaki mnono na kumwachilia. Sisi hatucheki. Samaki anayerudishwa majini aweza kuvuliwa tena mwaka ujao na kuleta fedha tena. Mgeni anayelipa ili auone mto ukiwa safi ana sababu ya kutaka mto huo usitiwe sumu na misitu ya kandokando yake isikatwe. Kambi huhitaji wapishi, wasukuma mashua, walinzi na watu wanaoyajua maji, na hao hawawezi wote kutoka ng'ambo. Hizo ni faida za kweli, na ndizo zinazolifanya swali letu kuwa gumu. Kama kambi hizo zingekuwa na madhara matupu, tahariri hii isingekuwa na haja ya kuandikwa, kwa sababu jibu lingejulikana.

Ugumu unaanzia hapa. Penye ulinzi mwema huweza kuzaliwa umiliki usio na msingi, na huzaliwa polepole. Kwanza husemwa, "Sehemu hii ya mto tumepewa tuitunze." Baadaye husemwa, "Sehemu hii ni yetu." Mwishowe huulizwa, "Ninyi mnaokuja na mitumbwi, mnatafuta nini hapa?" Hatusemi kwamba maneno hayo yamekwisha kutamkwa katika Bonde la Kilombero. Tunasema kwamba ndiyo njia iliyopitwa na nchi nyingine, na mwenye busara hujifunza kwa yaliyompata mwenzake.

Hebu kwanza tukumbuke jambo moja linaloitofautisha mito hiyo na mito mingi yenye sifa ya uvuvi wa starehe katika Afrika. Mwaka 1905 samaki wa Ulaya aitwaye trauti aliletwa Kenya na kutiwa katika Mto Gura, ulioko milima ya Aberdare, ili walowezi wapate kuvua kama walivyovua kwao. Hapo angalau mtu angeweza kujidai kwamba samaki ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyemleta. Samaki wa Mnyera na Ruhudji hakuletwa na mtu yeyote. Alikuwamo kabla ya mahema, kabla ya vitalu, na kabla ya mipaka yote iliyochorwa juu ya ramani. Hakuna mwekezaji wala ofisi iwezayo kusema kwamba ndiyo iliyompanda.

Wala kupiga kambi kando ya mto si jambo lililokuja na wageni. Kabla ya hema la turubai kulikuwa na dago. Wavuvi wa Bonde la Kilombero, na hasa Wandamba, ambao kwa vizazi vingi wamejulikana kwa mitumbwi na uvuvi, hutoka vijijini mwao maji yanapopungua, wakajenga vibanda vya majani na matete ukingoni, wakavua, wakabanika samaki juu ya vichanja, na kurudi nyumbani kabla ya mafuriko. Dago ni kambi. Ni kambi ya kazi, kama vile hema la mgeni lilivyo kambi ya starehe. Wote wawili wamelala kando ya maji yale yale, na wote wawili wanamtegemea samaki aliyezaliwa humo. Basi sheria inayomjua mmoja na kumsahau mwenzake itakuwa imeona nusu ya mto tu.

Sasa tutazame wenzetu walivyolijibu swali hili. Katika Uingereza, mtu ana haki ya kuvua baharini na katika sehemu za mito zinazofikiwa na maji kujaa na kupwa. Juu zaidi ya hapo, haki ya kuvua kwa kawaida ni ya mwenye ardhi ya ukingoni, mpaka katikati ya mto. Na haki hiyo huweza kuuzwa au kukodishwa peke yake kama shamba au nyumba. Kando ya Mto Test, katika wilaya ya Hampshire, kiko chama cha wavuvi kilichoanzishwa mwaka 1822 ambacho hata leo kina wanachama wachache sana. Maji ya mto huo ni safi na samaki wake wanatunzwa vizuri. Lakini mtoto wa maskini aliyezaliwa kijiji cha jirani huweza kuwatazama samaki hao kutoka darajani tangu utotoni hadi uzeeni, asipate ruhusa ya kutupa ndoana hata siku moja. Hivyo ndivyo mto unavyoweza kuhifadhiwa vyema na wakati huo huo watu wake wakaupoteza.

Waskoti walijaribu kulegeza kidogo. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupita na kupiga kambi katika sehemu kubwa ya ardhi na kando ya maji ya nchi hiyo, maadamu atafanya hivyo kwa uangalifu, bila kuharibu wala kuwasumbua wenyeji. Lakini uvuvi uliachwa nje ya haki hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu huweza kulala hemani kando ya mto, akasikia samaki wakiruka usiku kucha, na asubuhi akahitaji kibali cha mwenye mto kabla hajafungua mshipi wake. Mlango wa nyumba umefunguliwa, na chungu kimefungiwa kabatini.

Katika Marekani kila jimbo limekwenda njia yake. Katiba ya Montana ya mwaka 1972 ilitamka kwamba maji yote ya jimbo hilo ni mali ya jimbo kwa manufaa ya watu wake. Wenye mashamba makubwa walipojaribu kuwafungia watu mito, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua mwaka 1984, katika mashauri mawili, moja juu ya Mto Dearborn na jingine juu ya Mto Beaverhead, kwamba umma una haki ya kuyatumia maji hayo hata yanapopita kati ya mashamba ya watu binafsi. Mwaka uliofuata, yaani 1985, Bunge la jimbo lilitunga sheria iliyoeleza haki hiyo kwa makini. Mvuvi huweza kutembea ndani ya mto na ukingoni mpaka pale maji yanapofika kwa kawaida yakijaa. Lakini hana ruhusa ya kukatiza shamba la mtu ili aufikie mto, wala ya kupiga hema karibu na makazi ya watu. Mwenye shamba amebaki na shamba lake, na umma umebaki na mto wake.

Jimbo la New Mexico lilichelewa zaidi. Huko ilitungwa kanuni iliyowawezesha wenye ardhi kuomba hati ya kuzifunga sehemu za mito zilizopita katika ardhi yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo iliitangua kanuni hiyo kuwa inapingana na katiba. Katika Colorado, kwa upande mwingine, mvuvi aliyedai kwamba sakafu ya Mto Arkansas ni mali ya jimbo alikwenda mahakamani kwa miaka kadhaa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya huko ikamwambia kwamba yeye si mtu wa kulileta dai hilo. Tofauti iliyopo kati ya majimbo hayo, ambayo yana milima, mito na samaki wanaofanana, ni tofauti ya maandishi. Palipoandikwa mapema na kwa uwazi, watu wanavua. Palipoachwa gizani, watu wanashtakiana.

Sisi tumebahatika kuwa na maandishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ameyashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinasema hivyo hivyo juu ya ardhi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na haisemi kwamba mwenye fedha hahusiki. Kwa hiyo katika nchi yetu hakuna mtu binafsi, awe mwenyeji au mgeni, awezaye kusema kwa haki kwamba mto ni wake. Anachopewa ni ruhusa. Ruhusa ina mipaka, ina muda, na ina masharti. Aliyekodi ukingo kwa msimu mmoja au kwa miaka mingi amekodi ukingo. Mto haukuwamo katika hesabu.

Lakini sheria iliyomo kabatini haimvushi mtu mto. Mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero lilipandishwa hadhi likawa Pori la Akiba. Sababu za uhifadhi zinaeleweka na kila mtu mwenye macho. Bonde hilo liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na Mto Kilombero huchangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambayo leo yanaendesha mitambo ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere. Mto ukifa Kilombero, taa zitafifia mbali sana na Kilombero. Hatuna ugomvi na uhifadhi. Tunachosema ni kwamba katika pori la akiba mtu haingii wala havui ila kwa kibali. Na kwa hiyo dago na hema sasa vimekuwa sawa mbele ya sheria, kila kimoja kikingoja karatasi. Tofauti ni kwamba mwenye hema anayo kampuni inayomtafutia karatasi hiyo kabla hajapanda ndege. Mwenye dago anao mtumbwi na miguu yake.

Hapo ndipo viongozi wanapotakiwa kuonyesha kwamba uongozi ni utumishi. Tungependa mambo matatu yafanyike bila kuchelewa.

La kwanza, mkataba wowote unaohusu kambi na uvuvi wa starehe kando ya mto ujulikane kwa wanavijiji wanaopakana na mto huo. Wasomewe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji: sehemu inaanzia wapi na kuishia wapi, ni ya miezi gani, kinacholipwa ni kiasi gani, na kijiji kinapata nini. Mwanakijiji asiyejua mpaka wa kitalu huujua siku anapokamatwa. Hiyo ni njia mbaya ya kuelimisha umma.

La pili, zitengwe njia za kuufikia mto na sehemu za kupiga dago, zenye alama zinazoonekana, katika msimu unaokubaliwa na wataalamu wa samaki. Kama ipo sehemu ya kuzalia samaki ambayo haifai kuvuliwa, basi isivuliwe na mtu yeyote, kwa wavu wala kwa manyoya. Samaki anayetaga hajui kwamba ndoana iliyomchoma ilikuwa ya starehe. Na kama ipo sehemu inayofaa kuvuliwa, mwananchi asizuiwe kwa sababu tu kwamba sura ya mtumbwi wake itaharibu picha ya mgeni.

La tatu, elimu ya mto huo ibaki nchini. Vijana wa bonde wanaowaongoza wageni wafundishwe kazi yote, kuanzia kufunga chambo mpaka kuweka kumbukumbu za samaki wanaovuliwa na uzito wao. Kumbukumbu hizo ziwafikie maofisa wetu wa uvuvi. Ni jambo la ajabu kama habari za samaki mwenye jina la Tanzania zitajulikana vizuri zaidi katika miji ya ng'ambo kuliko katika ofisi ya wilaya anamoishi.

Tukisha kusema hayo kwa viongozi na wawekezaji, hatuna budi kusema na wavuvi wenyewe, maana haki haitembei peke yake. Yupo mtu anayesaga utupa na kuumwaga majini, akaua samaki wakubwa na wadogo, na kuokota kumi huku mia wakiozea chini. Yupo anayefunga mto kutoka ukingo hadi ukingo kwa wavu wa macho madogo, na yupo anayetumia chandarua alichopewa kwa ajili ya kumkinga mtoto wake na malaria. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeyakataza mambo ya sumu na baruti, na wazee wa bonde waliyachukia kabla ya sheria hiyo. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama na kudai kwamba mto ni wa wote, kwa sababu yeye ameutumia kana kwamba ni wake peke yake. Zaidi ya hayo, ndiye anayewapa nguvu wale wanaotaka kuufunga. Kila samaki anayeelea kwa sumu ni hoja mkononi mwa mtu anayesema kwamba wananchi hawawezi kutunza kitu mpaka wafukuzwe. Vijiji visingoje askari wa wanyamapori kuja kumkamata mtu kama huyo. Vimkamate vyenyewe.

Tunaamini kwamba mgeni na mwenyeji wanaweza kuvua katika mto mmoja. Mto ni mrefu, msimu una miezi, na samaki wakipewa nafasi huzaana. Mgeni anayekuja kwa heshima, akalipa anachopaswa, akamrudisha samaki majini na kuuacha ukingo kama alivyoukuta, huyo ni mgeni mwema, na desturi yetu ya kumkaribisha mgeni haijabadilika. Lakini desturi hiyo hiyo inasema kwamba mgeni hapewi kitanda cha mwenye nyumba huku mwenye nyumba akilala nje.

Montana walihitaji mashauri mawili na sheria moja ili kujua mpaka wa shamba na mpaka wa mto. New Mexico walisubiri mpaka mwaka 2022. Sisi sheria tunayo tayari, na mto tunao tayari. Kinachotakiwa ni kwamba ofisa anayetia sahihi mkataba wa kambi aikumbuke sheria hiyo wakati kalamu imo mkononi, na kwamba mvuvi wa dago aijue wakati kasia limo mkononi mwake. Wakikutana wawili hao juu ya maji ya Mnyera, kila mmoja na awe anajua haki ya mwenzake.